Watu weusi waliofanya biashara Magharibi ya Marekani: mtaji waliupata wapi?

Mwalimu wa Temeke:
Ndugu zangu, hamjambo. Ninafundisha historia kidato cha sita. Tukifika kwa watu weusi wa Marekani wa karne ya 19, tunaeleza mashamba ya pamba ya Kusini na vita ya 1861 hadi 1865, lakini hatusemi karibu lolote kuhusu wale waliokwenda Magharibi, kwenye machimbo na miji mipya, wakafungua biashara. Mtu aliyetoka utumwani mikono mitupu alipata wapi mtaji, na mali yake aliilinda vipi?

Muuza vitenge, Kariakoo:
Shikamoo, mwalimu. Wengi walianza na kazi ambazo wachimbaji hawakuwa na muda wa kujifanyia. Clara Brown, aliyezaliwa utumwani Virginia na kupata uhuru mwaka 1856, alifika Colorado mwaka 1859 akiwapikia wasafiri wa msafara wa magari ya kukokotwa, kisha akawa dobi wa wachimbaji pale Central City. Anayeyajua machimbo ya Geita anaelewa kwamba mchimbaji anaweza kukosa dhahabu mwezi mzima, lakini lazima ale na nguo zake zifuliwe. Akiba yake aliiweka kwenye viwanja na hisa za migodi, na fedha nyingi akazitumia kuwasaidia waliotoka utumwani na kumtafuta binti yake, Eliza Jane, aliyeuzwa akiwa mtoto. Walionana tena mwaka 1882. Habari hiyo hunigusa kuliko hesabu zote za mali yake.

Mkopo nao ulikuwepo kwa wachache. Barney Ford, aliyetoroka utumwani, alipounguliwa na biashara yake Denver mwaka 1863, alikopa dola 9,000 kwa mwenye benki na kujenga upya.

Wakili mstaafu, Upanga:
Mwalimu, kwa maoni yangu swali lako la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu mtaji uliweza kutafutwa kwa jasho, ilhali sheria haikuweza. California ilikuwa jimbo lisilo na utumwa, lakini tangu mwaka 1850 sheria yake ilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Mifflin Gibbs na mwenzake Peter Lester walikuwa na duka la viatu San Francisco; Lester alipigwa na mzungu humo humo dukani, na hawakuwa na mahali pa kushtaki. Watu weusi walifanya mikutano ya kuipinga sheria hiyo kuanzia mwaka 1855, nayo ikaondolewa kwao mwaka 1863.

Hata Biddy Mason, mwanamke mweusi aliyeshikiliwa utumwani, alipodai uhuru wake Los Angeles mwaka 1856, hakuruhusiwa kusema mbele ya mahakama dhidi ya aliyemshikilia, hivyo Jaji Benjamin Hayes alimsikiliza faraghani na kumwachia huru. Akafanya kazi ya uuguzi na ukunga, na mwaka 1866 akanunua kiwanja Spring Street kwa dola 250. Mwaka 1884 aliuza sehemu yake kwa dola 1,500, akajenga jengo lenye vyumba vya biashara vya kupangisha.

Mwalimu wa Temeke:
Shikamoo, mzee wangu. Huyo Gibbs aliishia wapi?

Wakili mstaafu, Upanga:
Marahaba. Mwaka 1858 alihamia Victoria, mji wa Kanada ya leo uliokuwa kwenye himaya ya Waingereza, akawauzia vyakula na vifaa wachimbaji waliokuwa wakielekea Mto Fraser. Baadaye alirudi Marekani, akasomea sheria na kuchaguliwa hakimu Little Rock. Kuanzia mwaka 1897 hadi 1901 alikuwa konseli wa Marekani huku kwenye bahari yetu, Tamatave, Madagaska.