Nani amewaruhusu kuipaka rangi ile Vigneron?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa mbali mnaofuatilia bunduki za kijeshi za zamani, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi nilikwenda kuiona ile Vigneron iliyo kwenye kabati la kioo hapa mjini. Jengo silitaji, wenyeji mnalijua. Nimeikuta imepakwa rangi nyeusi. Rangi ya mafuta, ile ile ya mageti. Wamepaka kwa brashi, na unywele mmoja wa brashi umegandia juu ya mtutu mpaka sasa.

Kwa wasioifahamu: Vigneron M2 ni mitrayeti ya Kibelgiji, yaani bunduki fupi inayofyatua mfululizo, kazi ya kanali Georges Vigneron, na jeshi la Ubelgiji liliipokea mwaka 1953. Inapiga risasi ya bastola, milimita 9, na magazini yake inameza 32. Mtutu ni mrefu kuliko ulivyozoea kwa mitrayeti, na nusu yake ya nyuma ina mapezi ya kupoza joto, yamepangika kama pete. Kitako ni cha waya. Nyuma ya mshikio kuna kibati kinachobonyezwa na kiganja, usipoikamata sawasawa haifyatuki. Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walipewa huku kwetu, na baada ya uhuru mwaka 1960 zikabaki mikononi mwa askari wa kila upande.

Sasa yale mapezi yamejaa rangi katikati. Kifuniko cha tundu la kutolea maganda kimegandana, hakifunguki. Zile herufi ABL, za jeshi la Ubelgiji, zilizokuwa zinasomeka vizuri nilipozinakili kwa penseli kwenye daftari langu miaka iliyopita, leo unazipapasa kwa kidole kama kipofu na huzipati.

Kilichoniuma zaidi ni sababu yao. Mimi ndiye niliyewaandikia barua nikiomba kabati lifunguliwe, kwa kuwa upande wenye namba ulikuwa umegeukia ukutani tangu niijue. Nimesubiri miezi. Kijana aliyenifungulia akaniambia kwa heshima kabisa: "Papa, tulijua unakuja, ilikuwa na kutu, tukaona tuipendezeshe." Nilikosa la kumjibu. Yeye simlaumu, alitumwa. Aliyemtuma ndiye ninayemtaka, na huyo hakutokea.

Namba naitakia nini? Hapa mjini, kwenye mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo, nimezungumza na wazee waliokuwa askari miaka ile. Askari anafundishwa namba ya bunduki yake kama jina la mama yake, na wazee hawa bado wanazo kichwani. Mmoja aliingia kwa majandarme, askari wa Katanga ilipojitenga na Kongo, akiwa kijana wa miaka 19, akapewa Vigneron. Mwaka aliomwoa mke wa kwanza ameusahau, lakini namba ya mitrayeti aliitaja mara mbili, siku mbili mbalimbali, bila kubadilisha tarakimu. Aliniomba jambo moja tu: nenda ukaangalie ile ya kwenye kioo, unirudishie jibu.

Halafu ile karatasi ya maelezo. Imeandikwa: "AK 47 ya Wakatanga, 1960". Jamani! Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 na mambo yakaisha Januari 1963. Majandarme wa Tshombe, kiongozi wa Katanga, walishika silaha za Ubelgiji: bunduki ndefu ya FAL, kazi ya Dieudonné Saive kutoka Herstal, na hizi Vigneron. Askari walioletwa na Umoja wa Mataifa walikuja na za kwao. Waswidi walibeba Carl Gustaf m/45, mitrayeti yenye magazini ya risasi 36, na Waayalandi waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, mnamo Septemba 1961 walikuwa nayo pia. Hiyo ndiyo mitrayeti ya upande wa pili ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa sauti yake.

Kosa la karatasi lingebaki ukutani kama si hawa wanaojiita wachambuzi wa bunduki. Mmoja alikuja, akapiga video, akasoma karatasi neno kwa neno, akaongeza la kwake: "Hii ni SMG, yaani AK." Watu wanampongeza! SMG ni kifupi cha Kiingereza cha mitrayeti, na AK si mitrayeti. Najua kosa hili linakotoka. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuandika "bunduki aina ya SMG" yakimaanisha AK, yaani Kalashnikov, na kwa habari ya polisi sina ugomvi nalo. Lakini wewe unayejiita mchambuzi huna udhuru. Chukua rula. Ganda la risasi ya Vigneron lina urefu wa milimita 19. La Kalashnikov ni 39. La FAL ni 51. Na FN-49 za Force Publique, bunduki ndefu zile za magazini isiyotoka yenye risasi 10, zilitumia ganda la 63. Mitrayeti inakula risasi ya bastola, hapo ndipo inapotengana na nyingine zote. Mtu ambaye hajajua inakula nini anaichambua vipi?

Mtaniambia ni chuma tu. Huko Ulaya na Marekani mkusanyaji akiona bunduki ya kale imepakwa rangi upya anashusha bei au anaiacha, maana anataka mikwaruzo ya aliyeibeba na weusi wake wa kiwandani. Kwetu raia haruhusiwi kutundika bunduki ya kijeshi sebuleni, na kwa nchi iliyoona tuliyoyaona, nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Sisi tunakusanya picha, vitabu vya mafunzo, mikanda, vikopo vya mafuta ya kusafishia. Kwa hiyo kabati lile moja ndilo mkusanyo wetu sote. Likiharibiwa hatuna pa kwenda kuangalia.

Ninachotaka ni hiki. Karatasi ibadilishwe wiki hii, maneno sahihi nimekwisha kuwaandikia. Rangi itolewe, na isitolewe na fundi wa magari. Naomba sana, nasikia tayari wanazungumzia msasa. Msasa utakula herufi na namba pamoja na rangi, na hapo hakuna wa kuzirudisha. Inatakiwa dawa laini ya kulainisha rangi, kitambaa cha pamba, kijiti cha mwanzi kwa yale mapezi, na siku nyingi za subira. Kama kuna mtu humu amewahi kusafisha chuma cha kale chenye weusi wa kiwandani, aandike hapa chini alitumia nini na kilitokea nini. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pao na daftari, na kile mzee alichonitajia kimeandikwa ukurasa wa kwanza.