Kolonoskopia imeishia sekamu: apelekwe kwenye kapsuli?

Swali (Chake Chake)
Assalamu alaikum. Kijana wa miaka 27 anaharisha wiki ya kumi sasa, kapungua kilo 6, maumivu chini kulia. Kamera ya mdomoni haikuonesha kitu. Kolonoskopia (kamera ya njia ya haja kubwa) imefika sekamu, mwanzo wa utumbo mpana, ikarudi. Jamaa zake wamesikia kuna kapsuli ya kumeza yenye kamera, wako tayari kumvusha bara. Ndiyo hatua inayofuata?

Jibu
Waalaikum salaam. Bado. Sekamu ni ukumbini tu. Ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) na kifua kikuu cha matumbo hupenda kukaa nyuma ya vali, mlango kati ya utumbo mwembamba na mpana, kwenye ileamu ya mwisho (mwisho wa utumbo mwembamba). Kipimo kirudiwe, na ripoti itaje kwamba vali imepitwa. Mara nyingi kinachozuia ni uchafu uliobaki au mpira wa kamera kujipinda tumboni. Dawa ya kusafishia anywe nusu jioni, nusu alfajiri, amalize masaa mawili kabla ya kipimo. Mpira ukijipinda, usisukumwe. Uvutwe nyuma unyooke kwanza.

Kapsuli (milimita 26 kwa 11 hivi) hupiga picha, haichukui kinyama (kipande kidogo cha utumbo cha kupima). Utumbo ukiwa umebana inanasa, na huenda ikatolewa kwa operesheni. Kwa hiyo CT itangulie, au kapsuli ya majaribio inayoyeyuka. Diklofenaki na ibuprofeni aache wiki 4 kabla, maana nazo huchubua utumbo na picha zikafanana na Crohn.

Jibu
Naongeza la vinyama, hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibika. Vichukuliwe vingi, kwenye kingo za vidonda na palipo pazima pia. Vingine viingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi), vingine kwenye maji ya chumvi kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha vijidudu, maana formalini inaviua vijidudu. GeneXpert ikisema hakuna, TB haijaondoka bado. Vidonda vinavyozunguka utumbo na vali iliyoachama huelekea TB. Vinavyokwenda kwa urefu huelekea Crohn. Nakusihi, asianzishiwe prednisoloni (dawa ya uvimbe inayoshusha kinga) kabla ya hapo: kama ni TB, itasambaa.

Muulizaji
Shukrani. Kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) hawakuchukua kinyama, walisema pazuri.

Jibu
Pazuri kwa jicho hakuondoi seliaki, ugonjwa wa utumbo kudhurika na ngano. Vitakiwe 4 au zaidi sehemu ya pili ya duodeni, na 1 au 2 kwenye balbu, sehemu yake ya kwanza. Ila awe bado anakula ngano: boflo, chapati, maandazi. Mkate wa kumimina hauhesabiki, ule ni mchele.