Naomba ushauri, mazoezi ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo nyumbani

Habari zenu wapendwa, mwanangu ana miaka 2 na nusu, ana mtindio wa ubongo, miguu inakaza inapishana kama mkasi na visigino havigusi chini. Kliniki tunaenda mara moja kwa mwezi maana kugombania daladala na mtoto mgongoni si mchezo, so mazoezi namfanyisha mwenyewe, naviringisha kanga namwekea chini ya kifua alale kifudifudi anyanyue shingo, hapo anajitahidi kwa kweli. Kasheshe ni kunyoosha miguu, analia mpaka bibi yake ananipokonya eti namtesa. Mnaofanya hivi, mnamnyoosha baada ya kumwogesha maji ya uvuguvugu au akiwa anacheza? Na kile kiti cha kona, chenye mgongo wa pembe cha kumsaidia mtoto akae wima, fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza? Nimpe vipimo gani?