Rangi ya udongo inatoka unga na kupasuka: kosa ni gundi au udongo?

korongo_jekundu
Wakuu, picha ni ya korongo lililoliwa na mmomonyoko, na nataka niipake kwa udongo wa korongo lenyewe, si akriliki, ile rangi ya dukani. Udongo umechekechwa kwa chujio la chai na kuchanganywa na gundi ya mgunga. Ukikauka, kidole kinatoka na unga, na palipo pazito pamepasuka kama tope la kiangazi. Nikiongeza gundi, unga unapungua lakini nyufa zinazidi. Na kijani je, majani ya kuponda yanafaa?

brashi_kavu
Anza na chujio. La chai linapitisha mchanga laini, ndio huo unaobanduka. Safisha kwa maji: kikombe 1 cha udongo, vikombe 10 vya maji, koroga, hesabu hadi 60, kisha mimina maji ya tope kwenye chombo kingine. Mchanga uliotuama uache. Rudia mara mbili, acha yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu. Mashapo yasage yakiwa mabichi; vumbi lake kavu lina silika (madini ya mchanga), na hilo si la kuvuta.

Gundi: sehemu 1 kwa 2 za maji ya moto, ilale usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa. Tia asali matone machache isikauke ikawa kama kioo. Changanya na mashapo uliyosaga nusu kwa nusu, ujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi. Ikitoka unga, ongeza gundi tone kwa tone. Iking'aa na kubanduka magamba, umezidisha.

tabaka_nne
Nyongeza: nyufa ni za udongo wa mfinyanzi. Ukiloa unavimba, ukikauka unasinyaa, na gundi nyingi inauvuta zaidi. Paka matabaka 3 au 4 membamba, kila moja likauke kwanza.

Majani achana nayo. Kijani chake hakistahimili mwanga, kinageuka kahawia, na njano ya bizari nayo hufifia. Chukua udongo wa njano, utie unga wa mkaa kidogo sana, ncha ya kisu tu: unapata kijani cha nyasi zilizochoka, ambacho kwa korongo kinakaa vizuri kuliko kijani cha dukani. Ukiukaanga udongo huohuo wa njano kwenye chuma chenye moto mkali, unapoteza maji yaliyomo kwenye kutu iliyo ndani ya udongo wenyewe na kuwa mwekundu.

brashi_kavu
Sahihi. Ila mkaa huelea, usage na gundi kwanza ndipo uchanganye.

maji_machafu
Udongo okota ulioporomoka chini, usichokonoe ukingo. Kikombe kimoja kinatosha picha kadhaa. Kando ya barabara kuu au machimbo usichote, huenda una madini ya risasi. Na kama tabaka la chini la picha ni akriliki, futa brashi kwa kitambaa kabla ya kuiosha. Akriliki ni plastiki: maji yake yaache yatuame kwenye ndoo, ya juu yatumie tena kuoshea, mashapo yakikauka yatupe na taka ngumu, si kwenye sinki.

korongo_jekundu
Kwa hiyo mchanga uliobaki kwenye ndoo ya kwanza nautupa?

tabaka_nne
Urudishe korongoni.