Chambord au Chenonceau? Siku moja, bila gari

Mgeni_wa_Tours: Wanajamvi, salaam. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa tano. Nataka kumwonyesha kasri moja la bonde la mto Loire, hapa Ufaransa. Sina gari, na magoti yanamsumbua. Niende naye wapi?

Kipepeo: Chambord, usiulize mara mbili! Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga 1519. Meko ya kuotea moto tu ni 282. Halafu ile ngazi ya katikati: ni ngazi mbili zilizosokotana kama kamba. Wewe unapanda, mwenzio anashuka, mnachunguliana kwenye vidirisha lakini hamkutani.

Baharia_Mstaafu: Kipepeo, neno "magoti" umeliruka? Utamu wa Chambord uko juu ya paa, kwenye ule msitu wa minara. Na ni kubwa lakini pweke. François alitawala miaka 32, ila siku alizolala pale hazifiki miezi mitatu. Mimi nilienda Februari. Baridi ya ndani ilishinda ya nje.

Bi_Jikoni: Chenonceau, mwanangu. Treni kutoka Tours ni kama nusu saa, na inakushusha karibu na lango. Kasri limekaa juu ya mto Cher wenyewe. Daraja alilijenga Diane de Poitiers, kimada wa mfalme Henri wa Pili. Mfalme alipokufa 1559, mke wa ndoa, Catherine de Médicis, akamtoa Diane, akampa kasri la Chaumont, kisha akajenga ukumbi juu ya daraja lile lile la mwenziwe! Jikoni ziko chini, ndani ya nguzo za daraja, sufuria za shaba zinameta. Kuna vidato vya kushuka, mshike mkono.

Baharia_Mstaafu: Ukumbi huo una jingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Cher ulikuwa mpaka: lango kuu upande walioukalia Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi upande ambao hawakuukalia. Watu walitorokea humo.

Kipepeo: Haya, nimesalimu amri. Ila Azay-le-Rideau nayo ni ndogo na nzuri, ingawa kutoka stesheni kuna mwendo.

Mgeni_wa_Tours: Basi Chenonceau. Nimemsimulia mama kwenye simu, ameuliza kama Diane alirudishiwa hela zake za daraja.

Bi_Jikoni: Mwambie hata hiyo Chaumont hakuitaka sana, alienda zake kukaa kwenye kasri lake la Anet. Fikeni saa tatu asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii.