Koti la Paris kwenye jua la Mwanza: mafundi mnawashonea vipi wateja?

FundiKaki
Wadau wa cherehani, habari za leo. Nina kibanda cha ushonaji hatua chache kutoka Makoroboi, huu mwaka wa kumi na moja. Naombeni mawazo yenu kuhusu matoleo ya vuli ya wabunifu wa Ulaya, yale yaliyoonyeshwa Milan na Paris Februari na Machi 2025. Sasa ndiyo yamejaa kwenye simu za wateja.

Vuli yao siyo hii yetu. Kwao Septemba majani yanapukutika, baridi inaanza, na wabunifu wanatoa sufu, manyoya na rangi ya chokoleti kila kona. Vuli yetu ni mvua. Asubuhi umelowa, saa saba mchana jua linakukausha ukiwa umesimama.

Mwezi uliopita alikuja mteja wangu, mwalimu, na picha ya koti la Givenchy, kampuni ya mitindo ya Paris, kutoka toleo la kwanza la mbunifu Sarah Burton pale. Bega limesimama, kiuno kimeingia, chini linafunguka. Nililipenda kutoka moyoni. Nikaenda Mlango Mmoja, nikapata makoti mawili ya sufu ya mtumba, nikayafumua, nikakata upya, nikatia bitana ya polista. Lilimkaa! Akalivaa kwenye sendofu ya mdogo wake. Kufika wakati wa zawadi, bitana imemganda mgongoni na poda imeshuka mpaka kwenye kola. Ikabidi alivue, akabaki na blauzi ambayo hakuipanga ionekane na watu. Aliporudi kwangu hakulalamika. Alisema tu, "Dada, ni zuri, ila limenishinda." Maneno hayo hayajanitoka.

Tangu siku hiyo naamini cha kuchukua kwenye matoleo yale ni kata, yaani umbo nguo ilivyokatwa, kitambaa tuwaachie wenyewe. Nimelirudia koti hilohilo kwa kitani, mgongo hauna bitana, nimeiweka mabegani na mikononi tu ili mkono uteleze wakati wa kuvaa. Mnaonaje? Au nikiondoa ule uzito nimeliondoa koti lenyewe?

MamaBelo
Dada yangu pole, na hongera kwa kumrudia mteja, wengi huwa wanakimbia. Mimi nauza makoti ya mtumba. Kwenye kata nakuunga mkono, ila makoti mazito tusiyaone hayana kazi huku kwetu. Nikifungua belo, ya sufu ndiyo yanatangulia kuisha. Wanunuzi wangu ni vijana wa boda wanaotoka saa kumi na moja alfajiri, na wavuvi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba. Usiku ule ziwani, upepo unapiga na nguo imeshalowa maji, usipokuwa na koti utaumwa. Nina mvuvi mmoja haangalii kabisa jina la kampuni. Anapindua koti, anapapasa bitana, anavuta kifungo kimoja kimoja, halafu anauliza kama kuna mfuko wa ndani wa kuweka simu. Akiukuta, haombi hata kupunguziwa.

Kwa hiyo mwalimu mshonee kitani. Ile sufu ungeniachia mimi, ingemfikia mwenye baridi yake.

MzeeMkasi
Binti, kitani hakishiki bega. Utalisimamisha leo, lifuliwe mara tatu, litalala. Nashona suti tangu 1984 na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Bega la picha ile halisimamishwi na sufu, linasimamishwa na kazi ya ndani: kitambaa kigumu kinachofuata kifua, pedi ya bega, na mkono uliopigwa bandi kwa sindano kabla haujapita kwenye mashine. Vijana mnaruka bandi kwa sababu mteja anasubiri kwenye benchi. Chukua kitambaa chepesi cha suti, pedi iwe nyembamba, piga bandi, mvalishe, fungua, piga tena.

Na kama mteja anataka koti lisilo na kesi za bega, mwonyeshe lile la Max Mara, kampuni ya Italia, namba 101801. Alilibuni Anne-Marie Beretta mwaka 1981 na mpaka leo linauzwa. Mikono yake ni ya kimono, inashuka pamoja na mwili. Kata ile ukiihamishia kwenye kitambaa chepesi inakubali. Manyoya ya bandia msiwashonee watu hapa, nawasihi. Vumbi la Igoma likiingia mle halitoki.

WaKemondo
Mie msafiri tu wa MV Victoria, siyo fundi. Usiku nikikaa nje kwenye meli kuelekea Bukoba, koti zito nalishukuru. Kinachonisumbua ni rangi. Kahawia, kahawia, kahawia! Nimezaliwa nyumba ya kuanika buni, kahawia naipenda, lakini nguo nzima ya rangi hiyo inanifanya nionekane mgonjwa. Fundi, ukishona weka hata kola ya kitenge.

FundiKaki
Mzee shikamoo. Umesema kweli. Jana nimelitundika lile la kitani, nimekuta bega la kushoto limeshaanza kushuka, na halijafuliwa hata mara moja. Bandi niliruka. Kesho nafumua mabega yote mawili.

Mama, sufu iliyobaki ni vipande, lakini mgongo wake ni mzima. Unatosha kizibao cha mtu wa boda. Nitakuletea.

WaKemondo, kola ya kitenge nitamuuliza mwalimu kwanza, koti ni lake.

Kitu kimoja sijawaambia. Kilichonivuta kwa Givenchy ni habari ya pateni, zile karatasi za kukatia nguo. Wakati wa ukarabati wa jengo la zamani la kampuni, walikuta bahasha za kaki zimefichwa ukutani, ndani yake pateni za toleo la kwanza la mwanzilishi wake, Hubert de Givenchy, la 1952. Burton akaanzia hapo. Na mimi pateni zangu zote nazikata kwenye karatasi za kaki, nimezikunja, kila moja na jina la mteja, kuna watu nimewashonea tangu wakiwa wanafunzi. Panya wamekula za mwaka juzi. Nimenunua ndoo yenye mfuniko.

Mzee, mwalimu anakuja kupima Jumamosi saa nne. Hiyo pedi nyembamba niikate kwa sponji, au nikunje kitambaa chenyewe mara tatu?