Mafindofindo yalipona, sasa naambiwa moyo. Naombeni ushauri

Mama Chausiku:
Wakuu, habari za usiku. Binti yangu ana miaka 9. Mwezi uliopita alishikwa na mafindofindo: koo jekundu, mate hayamezeki, homa kali. Duka la dawa nikapewa amoksi. Siku ya tatu nikamkuta anaruka kamba, nikaacha kumpa, vidonge vilivyobaki nikaviweka kabatini.

Wiki tatu baadaye goti likavimba. Likapoa, maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Nikajua baridi yabisi, nikawa namchua. Juzi akipanda ngazi za shule akakaa katikati, anahema kama katoka kukimbia.

Hospitali wamempima eko (kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti), wanasema valvu, yaani mlango wa moyo, inavuja na chanzo ni lile koo. Eti achomwe sindano kila wiki nne, kwa miaka! Bibi yake anasema angekatwa kimeo mapema haya yasingetokea. Wadudu wa kooni wanafikaje moyoni? Au nataka kuliwa hela tu?

Kijiweni Kwetu:
Bibi yuko sahihi. Sisi kwetu wote tumekatwa kimeo na tuko fiti.

Tabibu Mstaafu:
Hapo juu, tusiuane. Kimeo hakina kosa lolote. Nimepokea watoto wametoka kukatwa, damu haikatiki, wembe haujulikani ulitumika kwa nani kabla.

Dada, pole. Wadudu hawajafika moyoni, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mdudu wa kooni ni bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Juu ya gamba lake ana protini iitwayo M, kama nywele, inayomsaidia kukwepa kumezwa na chembe nyeupe za damu. Mwili unatengeneza kingamwili za kumkamata kwa nywele hizo hizo. Balaa ni kwamba nywele hizo zinafanana na protini za moyo wa mtu. Chukulia mwizi kakimbia mtaani kavaa jezi nyekundu, wananchi wenye hasira wanampiga kila mwenye jezi nyekundu. Ndiyo maana ilichukua wiki tatu: mwizi keshaondoka, kipigo ndiyo kinaanza. Viungo hupigwa vikapona bila alama. Valvu hubaki na kovu, hasa ile ya maitro, upande wa kushoto wa moyo.

Amoksi ya koo la aina hii ni siku 10, hata mtoto akiruka kamba siku ya pili. Sindano ya benzathini penisilini haifuti kovu. Inamzuia mdudu asirudi kooni, maana kila akirudi kipigo kinaongeza kovu jingine. Kwa mtoto ambaye moyo umeguswa ni miaka 10 au mpaka afike 21, kutegemea ipi ni ndefu. Kovu likibaki kwenye valvu, sindano zinaweza kuendelea mpaka afike umri wa miaka 40.

Mwana Jangwani:
Mbona jezi nyekundu tu, za kijani hukuziona? 😂

Sindano 14:
Mimi nilianzishiwa nikiwa na miaka 11. Nilipoenda bweni nikaziacha, naona aibu kuomba ruhusa kila mwezi. Kidato cha nne nikawa silali chali, nalala nimeegemea mito mitatu. Leo nina valvu ya chuma na nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, damu inapimwa kila mara.

Mama, sindano inauma, usimdanganye mtoto. Dawa ni nzito kama uji wa jana, wakati mwingine inaziba sindano. Mwambie nesi aishike chupa kiganjani ipate joto kidogo, asukume polepole.

Mama Chausiku:
Asanteni, nimelia. Mdogo wake naye anakohoa na makamasi yanatiririka. Ndiyo hiyo hiyo?

Tabibu Mstaafu:
Kikohozi na makamasi mara nyingi ni virusi, antibiotiki ya nini? Akipata homa na koo linauma bila kikohozi, tezi za shingo zimevimba, mpeleke apimwe. Na akiwa na vidonda vya usaha miguuni usivipuuze. Mdudu huyo huyo akipita kwenye ngozi anaweza kuchokoza figo, ukaona uso umevimba asubuhi na mkojo una rangi ya kola.

Mama Chausiku:
Sawa baba. Sindano ya pili ni Jumanne. Nimeandika tarehe kwa kalamu ya risasi ukutani jikoni, juu ya mtungi. Bibi yake kaisoma, kanyamaza.